TUSIONE HAYA KUWATAZAMA WATOTO WETU
(Hotuba iliyotolewa na tabibu mmoja mbele ya wanachama, Kisumu, siku ya mkutano wa tawi)



Katibu alipokuja kuniomba niseme habari za afya, nilimwuliza, "Afya gani?" Akanijibu, "Ile ambayo watu hawaulizi." Basi leo nitasema habari za viungo vya siri vya watoto na njia yao ya mkojo. Naona wengine wameanza kutazama chini. Hiyo ndiyo sababu ya mimi kuja, maana haya ya mzazi humponza mtoto.

Mimi si mpasuaji. Ni tabibu wa kituo, mmoja wa wale ambao wazee wetu waliwaita madresa. Kazi yangu ni kutambua ugonjwa na kumpeleka mgonjwa kwa mpasuaji kabla saa haijapita. Nanyi wazazi kazi yenu ni hiyo hiyo, ila ninyi mnanitangulia, kwa kuwa ninyi ndio mnaomwogesha mtoto.

Nitaanza na kisa. Baba mmoja alikuwa kazini zamu ya usiku, katika kiwanda ambacho sitakitaja. Saa nane usiku mwanawe wa miaka kumi na mitatu aliamka kwa maumivu, akatapika. Alimwambia mama yake kwamba tumbo linamwuma. Hakusema ni korodani, aliona aibu. Mama alimpigia baba simu, baba akaomba ruhusa. Msimamizi akamwambia: ukitoka, usirudi. Zamu ilikwisha saa kumi na mbili, aliyempokea akachelewa, na walipofika hospitali ilikuwa saa nne asubuhi. Korodani moja ilikwisha kufa. Ikaondolewa.

Ndugu zangu, ugonjwa ule ni rahisi kuueleza. Korodani huning'inia kwa mshipa wake kama ndoo kwenye kamba ya kisima. Kamba ikijisokota, damu haipiti. Akifikishwa kwa mpasuaji ndani ya saa sita tangu maumivu kuanza, mara nyingi korodani huokoka: huzungushwa ikarudi mahali pake, kisha zote mbili hushonwa zisisokoteke tena. Kila saa inayopita baada ya hapo hupunguza matumaini. Kwa hivi, kijana akilia tumbo ghafula usiku, mwulizeni waziwazi na mtazameni. Msimpe dawa ya maumivu na kungoja kuche.

Sasa nitaje mambo mengine, moja moja, ambayo hayana haraka ya saa lakini yana haraka ya miezi.

La kwanza ni korodani isiyoshuka. Mtoto anapokuwa tumboni, korodani hukaa ndani, kisha hushuka katika mfuko wake karibu na kuzaliwa. Katika wavulana mia waliotimiza miezi yao, watatu hivi huzaliwa moja au zote zikiwa hazijashuka. Kwa waliozaliwa kabla ya wakati ni wengi zaidi. Nyingi hushuka zenyewe katika miezi sita ya kwanza. Ikipita miezi sita, msingoje tena. Apasuliwe kabla ya kutimiza mwaka mmoja na nusu. Ikiachwa ndani, joto la mwili huiharibu: mtu mzima anaweza kukosa uzazi, na hatari ya saratani ya korodani huongezeka. Mchunguzeni mtoto baada ya maji ya moto, mfuko ukiwa umelegea.

La pili ni uvimbe wa kinena au wa mfuko. Hapa ziko aina mbili. Ikiwa ni maji tu, mfuko umevimba bila maumivu, na mara nyingi hukauka wenyewe kabla ya miaka miwili. Lakini ikiwa ni ngiri, yaani utumbo unaoshuka mtoto anapolia na kurudi anapolala, huo hauponi kwa dawa wala kwa kufungwa sarafu na kitambaa. Hutaka kushonwa. Wasichana nao hupata. Na siku uvimbe ukiwa mgumu, haurudi ndani, mtoto anatapika, hiyo ni safari ya saa ile ile. Utumbo umebanwa.

La tatu ni mkojo wenyewe. Baba, mtazame mwanao mchanga akikojoa. Mkojo wa mvulana mzima hutoka kwa nguvu kama upinde. Ukitoka kwa matone, naye anajikamua, huenda ndani ya njia kuna ngozi kama mlango uliozaliwa naye. Mlango huo hurudisha mkojo nyuma hadi kwenye figo, na figo huharibika kimya kimya. Mpasuaji huupasua kwa chombo chembamba kinachopita katika njia ya mkojo, na kisu hakigusi tumbo. Kwa msichana, akiwa anakwenda haja vizuri lakini nguo haikauki hata siku moja tangu azaliwe, msimchape. Huenda mrija kutoka figo umefungukia mahali pasipo pake, nao hurekebishwa.

La nne ni damu katika mkojo. Sisi watu wa ziwani tunajua kichocho. Katika Ziwa lenyewe kile kilichoenea ni cha matumbo, lakini kile cha mkojo hupatikana katika mabwawa na vijito vya bara. Mtoto mwenye damu katika mkojo apimwe, asiambiwe amekua. Dawa yake, prazikwanteli, hunywewa na wala haina kisu. Kisu huja kwa waliochelewa miaka mingi, kibofu kikiwa kimeshapata makovu.

La tano, na hapa nawaomba mnisikilize sana, ni tundu la mkojo lililo chini ya uume badala ya kwenye ncha. Hili humpata mvulana mmoja katika kila mia mbili au mia tatu hivi. Hurekebishwa vizuri, kwa kawaida kati ya miezi sita na mwaka mmoja na nusu. Lakini mpasuaji hutumia ngozi ya govi kutengenezea njia mpya. Mtoto huyu akitahiriwa kwanza, ile ngozi imekwisha tupwa.

Nasema hivi kwa sababu ya historia yetu. Zamani Wajaluo hatukuwa na tohara. Kisha hapa hapa Kisumu ukafanyika uchunguzi wa wanaume 2,784, wa miaka 18 hadi 24, na mwezi wa Desemba 2006 ukasimamishwa mapema kwa kuwa ilikwisha kuonekana kwamba tohara hupunguza sana hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya ukimwi. Mwaka 2008 serikali ikaanzisha kazi hiyo Nyanza, na wengi wakatahiriwa. Ni jambo jema. Lakini lilipimwa kwa watu wazima. Wavulana wadogo walipoanza kupelekwa kwa wingi, wachache walipata madhara mabaya, kama njia ya mkojo kutoboka. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliokazia vijana wa miaka 15 na kuendelea. Basi msimpeleke mtoto mdogo kwa sababu jirani kampeleka wake. Na kabla ya tohara yo yote, tundu la mkojo litazamwe kwanza.

Wako pia watoto wanaozaliwa ikawa vigumu kusema ni mume au mke. Wengine husema ni chira, wakamlaumu mama. Si chira, wala si kosa la mama. Ni maumbile, na hutaka vipimo vya damu na picha, bila pupa ya kukata. Hesabu ya watu ya 2019 iliwahesabu Wakenya hawa 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawatambua na inazuia kuwabadili viungo bila shauri la tabibu mtaalam wa maumbile. Msimfiche mtoto huyu.

Sasa nirudi kwa chama. Mtaniuliza, tutakwenda wapi na kwa fedha gani? Anzeni kituo cha karibu, mwombe barua ya kupelekwa hospitali kubwa, kama ile ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia. Na tangu Oktoba 2024 mishahara yetu inakatwa asilimia 2.75 kwa bima ya afya ya taifa. Mwenye mshahara wa shilingi 20,000 anatoa 550 kila mwezi. Ulizeni kila mmoja wenu leo: majina ya watoto wangu yameandikwa? Ni jambo la kusikitisha kukatwa fedha, kisha kufika dirishani mtoto hayumo.

Na la mwisho ni ruhusa. Sheria ya Kazi ya 2007 inampa mfanya kazi likizo ya siku 21, na siku za ugonjwa wake mwenyewe. Kwa ugonjwa wa mtoto haikuweka siku. Lakini tusichopewa na sheria twaweza kukidai katika mapatano. Naomba tawi liandike katika madai yajayo maneno haya: mzazi ambaye mtoto wake anapelekwa hospitali kwa haraka ataruhusiwa kutoka saa ile ile, bila kupoteza kazi.

Yule kijana ni mzima. Korodani moja yatosha, na siku moja ataitwa baba. Lakini baba yake aliniambia anahesabu zile saa kila akiingia zamu. Mimi nataka mwingine asizihesabu.

Mwenye swali la siri, nitakuwa nje chini ya mwembe.