Deni la Siku Thelathini, Shamba la Miezi Minne
Mada kwa wawakilishi wa vyama vya akiba, Chawia



Nimeombwa nieleze jinsi mikopo ya haraka inavyomfikia mtu ambaye jina lake limeshaingia CRB, taasisi zinazoweka kumbukumbu za wakopaji. Benki imemfungia mlango, Sacco inamdai wadhamini, lakini simu inamkubalia kabla chai haijapoa. Kwa nini?

Kwa sababu hasara imeshatiwa kwenye bei. Mkopeshaji anajua kuwa baadhi ya wateja wake watazima laini na kupotea. Hasara hiyo huwagawia wote mapema, kwa hiyo wewe unayelipa kwa wakati ndiye unayemlipia aliyekimbia. Kule Marekani, ada iliyozoeleka ni dola 15 kwa kila dola 100 kwa wiki mbili, ambayo kwa mwaka inakaribia asilimia 400. Kwetu Kenya, mkopo wa simu wa M-Shwari ulipoanza Novemba 2012 ulitoza asilimia 7.5 kwa siku 30. Inasikika ndogo, lakini zidisha kwa miezi 12 upate 90. Tena ada hiyo ilikuwa ileile, hata ukirudisha pesa keshokutwa. Programu za simu zilizofuata nyingi zilikuwa ghali zaidi, na shailoki wa mjini anayeshika kadi ya ATM ya mfanyakazi pamoja na namba yake ya siri, huyo hata sina haja ya kumpigia hesabu.

Hata hivyo, bei siyo inayonitia wasiwasi zaidi hapa Chawia. Ni siku.

Anayekata mkonge Mwatate ana mwisho wa mwezi wake. Mkopo wa siku 30 anaweza kuupangia. Mwenye shamba huku mlimani anasubiri mahindi karibu miezi minne, na aliye kule chini anaomba pia ndovu wasipite usiku. Tuseme amekopa Sh3,000 kwa ada ya asilimia 15. Siku ya 30 mfukoni ana Sh450 tu. Analipa ada, deni linasogezwa. Mwezi wa nne, mahindi yakiwa tayari, ameshatoa Sh1,800, na zile Sh3,000 bado zinamsubiri. Hakuwa mvivu wala mlaghai. Kalenda mbili ziligongana.

Hata mkopo wa bei nafuu haukwepi jambo hili. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa 30 Novemba 2022, unatoza asilimia 8 kwa mwaka, yaani kama Sh3 kwa Sh1,000 kwa siku 14. Kwa mama anayeteremsha mboga Voi na kurudi na pesa jioni, sijui mkopo wa kuushinda. Lakini ukiutumia kununua mbegu, siku 14 zitaisha kabla mche haujapaliliwa. Mwezi huohuo wa Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango wa wakopeshaji kuwapunguzia nusu ya deni waliokwama na mikopo ya simu ya muda mfupi, na ilikadiria kuwa wako takriban milioni 4.2. Sitaki kuamini kwamba wote hao ni watu wasiopenda kulipa.

Sasa, aliyekwisha kuandikwa CRB afanye nini? Kwanza achukue ripoti yake. Kila mwaka moja ni bure kisheria. Tangu Aprili 2020 deni lisilofika Sh1,000 halipaswi kumchafulia mtu jina, kwa hiyo asome kila mstari, na akikuta kosa alipinge. Akilipa, ripoti itaonyesha amelipa, ingawa historia ya kuchelewa inaweza kubaki hadi miaka mitano. Anayemwahidi kuifuta kesho kwa ada fulani ni tapeli.

Na kwa vyama vyetu, pendekezo langu ni moja: fomu ya mkopo iulize pesa ya kulipia itatoka wapi na mwezi gani, kisha tarehe ya kulipa ifuate jibu hilo. Wa mboga apewe wiki, wa mahindi apewe msimu.

La mwisho ni la wale wanaopigiwa simu na kutukanwa, au ambao wakwe zao hupigiwa kuelezwa habari za deni. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinakataza mambo hayo. Hifadhi ujumbe, andika tarehe na namba iliyopiga, kisha upeleke malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kudaiwa hakumpi mtu ruhusa ya kuingia kwenye orodha yako ya namba.