Kidole Kilichoshonwa Ukano

Kabla sijaanza, shikeni mkono wenu wa kuume kwa mkono wa kushoto, hapo chini kidogo ya kiwiko. Sasa kunjeni vidole vya mkono wa kuume, kisha vikunjueni. Mnasikia nyama inavyocheza? Nyama hiyo ndiyo ikunjayo vidole, nayo inakaa mbali navyo. Inavivuta kwa kamba nyeupe, ngumu, zipitazo kiganjani. Kamba moja huitwa ukano. Zikiwa nyingi ni kano.

Tumfikirie mtu wa Magamba, kule Lushoto, anakata majani ya ng'ombe mtelemkoni. Mkono wa kushoto umeshika fungu la majani, mundu unateleza. Jeraha laweza kuwa dogo, damu ikakoma upesi, lakini kidole hakikunjiki tena. Ukano umekatika, na ncha yake imerudi ndani. Dawa ya kupaka haiungi ncha hizo. Aende hospitali siku ile ile ili ashonwe.

Akishashonwa, watu hudhani kazi imekwisha. La, ndiyo kwanza inaanza! Ukano huteleza ndani ya ala nyembamba, kama kisu katika ala yake. Kidole kikilazwa tu wiki nyingi, ukano hugandamana na ala. Kikitumiwa kwa nguvu, mshono hukatika. Kwa hiyo zamani madaktari wengi waliogopa kushona kano mahali hapo. Mwaka 1967 daktari Harold Kleinert wa Louisville, Marekani, aliwaeleza wenzake njia yake: kushona mara moja, kisha kukisogeza kidole mapema kikiwa katika banzi, kikivutwa na mpira mdogo uliofungwa kwenye ukucha. Wengine hawakuamini.

Siku hizi mazoezi huanza siku chache tu baada ya kushonwa. Hospitali itakuonyesha yako. Mara nyingi huwa hivi. Banzi limefungwa upande wa nyuma ya mkono, nawe usilifungue. Kwa mkono mzima, sukuma kidole polepole kielekee kiganjani. Kisha kiache kijinyoshe chenyewe mpaka kiguse banzi. Rudia kama ulivyoagizwa, kila siku, hata kama kimevimba na kukakamaa.

Kwa kawaida banzi hukaa wiki 6. Siku hizo hata kikombe cha chai usikiinue kwa mkono huo. Hapa ndipo wakulima wengi hukosea, nami siwalaumu sana, maana kabichi haimngoji mgonjwa. Jeraha limefunga, maumivu yamekwisha, basi mtu huchukua jembe. Lakini ngozi hupona kabla ya ukano. Jembe, mundu na ndoo ya maji vingoje karibu miezi 3, mpaka hospitali ikuruhusu. Mwombe ndugu akulimie. Ukisikia kitu kimekatika ghafla, na kidole hakikunjiki, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa mwalimu ataandika ubaoni maneno matatu: ukano, ala, banzi. Kila mmoja ayasome kwa sauti, kisha ayaandike katika daftari lake.