Kuitunza Injini ya Msumeno wa Mnyororo

Jioni hii twapenda kusema nanyi habari za msumeno wa mnyororo, na hasa injini yake. Mnyororo ukikatika hununuliwa mwingine. Lakini injini ikifa, mwenyewe hubaki bila kazi, na pengine na deni. Twawafikiri wapasuaji wa mbao wa Songea, Madaba na Namtumbo, wanaokata misindano, mikaratusi na mininga.

Injini hii si kama ya motokaa. Motokaa ina bakuli la oili chini ya injini, na oili hiyo huzunguka ikarudi. Msumeno hauna bakuli hilo. Lile tangi la pili lililo ubavuni ni la kulainisha mnyororo tu. Pistoni na beringi hazipati oili ila ile iliyochanganywa na petroli. Basi mtu atiaye petroli tupu, hata kwa kazi ndogo, huikausha silinda. Pistoni huchubuka, kisha hushikamana, na mafundi husema injini imenoki. Kipimo kimeandikwa katika kitabu cha mashine. Mashine nyingi za siku hizi hutaka sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 100 katika lita 5. Nyingine hutaka 1 kwa 25, yaani mililita 200. Kukisia kwa kifuniko cha chupa si kupima. Tena oili iwe ile ya injini za mapigo mawili. Ya motokaa haikutengenezwa ipate kuungua pamoja na petroli, nayo huacha masizi mengi.

Injini ikikataa kuwaka, msivute kamba mpaka ikatike. Fungueni plagi muitazame. Ikiwa imelowa, petroli imezidi: zimeni swichi, fungueni choki, vuteni kamba mara kadhaa plagi ikiwa nje, kisha ifuteni na kuirudisha. Ikiwa kavu, petroli haifiki; tazameni chujio dogo lililo ndani ya tangi, na tundu la kuingizia hewa katika tangi hilo. Ikiwa nyeusi kwa masizi, yaelekea chujio la hewa limezibwa na unga wa mbao, au oili imezidi. Ikiwa nyeupe, jihadharini, maana injini inaungua kwa mafuta machache mno. Rangi njema ni ya kahawia. Nafasi ya cheche huwa nusu milimita katika mashine nyingi.

Lakini iko dalili moja ambayo twaona inawapita wengi, kwa sababu hufanana na nguvu. Injini hupandisha mlio wenyewe, ikalia kwa sauti nyembamba kuliko kawaida, na mkataji hufurahi kwamba leo mashine ina kasi. Kumbe yapungukiwa na mafuta, na kwa hiyo na oili. Izimeni papo hapo. Pengine petroli yakaribia kwisha, au mpira wa kabureta umepasuka na kuvuta hewa. Pengine sababu ni mahali. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, ambako ni chini ya mita 500. Msumeno uliorekebishwa Songea ukiteremshwa huko hupata hewa nzito kwa mafuta yale yale. Skurubu ya kabureta yenye alama H haina budi kufunguliwa kidogo, kwa mkono wa fundi. Ziko mashine zinazojirekebisha zenyewe.

Kupasua mbao huichosha injini kuliko kuangusha mti, kwa kuwa hulia kwa nguvu zote kwa muda mrefu. Kila jioni safisheni mapezi ya silinda, maana yakijaa unga joto halitoki. Mnyororo butu pia huua injini: mtu huukandamiza, nao hauendi.

Mvua zikianza na mashine ikawekwa, msiiache na petroli ndani. Ikiisha kupoa, mwageni iliyo tangini katika debe la mafuta, kisha washeni injini mahali pa wazi iungurume polepole mpaka izimike. Petroli iliyokaa miezi huacha utando kama gundi katika kabureta, na ule mpira mwembamba hukakamaa. Ndipo mwezi wa Mei, miti ikingoja, mashine hukataa kuwaka.