Asilimia Kumi ya Mgeni: Wajibu wa Ushuru kwa Wanaopangisha Vyumba kwa Siku Mirongo

Mada iliyotolewa kwenye semina ya wenye nyumba za kulala wageni na wapangishaji wa siku, Kata ya Mirongo, Jijini Mwanza



Mgeni anayetafuta chumba ili awe karibu na Hospitali ya Bugando hahitaji kuona bango. Anakuja na namba ya simu aliyopewa na mtu aliyelala hapo kabla yake. Ametoka Geita, Bariadi au Biharamulo, ndugu yake amelazwa, hajui kama atakaa siku nne au wiki tatu, na anachotaka ni mahali penye jiko, maji na mlango unaofungika, apike uji asubuhi aupeleke wodini ungali moto. Hoteli haimpi jiko. Gesti nyingi hazimpi jiko. Sisi tunampa, na ndiyo maana chumba cha uani kilichokuwa kikipangishwa kwa mwezi leo kinapangishwa kwa siku.

Si wa Bugando peke yao. Wapo wanaokwenda Serengeti kwa kupitia lango la Ndabaka, wapo wachuuzi wa mitumba wa soko la Mlango Mmoja, wapo wanaokuja kwenye mechi Kirumba. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, anayetoka Sengerema au Geita hasubiri tena kivuko. Wageni wapo, na watazidi.

Lakini Jijini nyumba zetu zimepewa jina. Zinaitwa gesti bubu. Jina hili linaniuma, maana naijua kazi ya kufua mashuka sita kabla ya saa nne asubuhi. Hata hivyo sitalipinga leo. Nitaeleza linavyoondoka, na linaondoka kwa kulipa ushuru mmoja ambao wengi wetu hatujauelewa.

Ushuru huu ni wa nani

Sheria ya Ushuru wa Hoteli ni ya mwaka 1972. Imebadilishwa mara kadhaa, na kiwango chake kilikuwa asilimia 20 kabla ya kushushwa hadi 10. Halmashauri ndiyo inayoukusanya, na kwenye orodha zake utaukuta kwa jina la ushuru wa nyumba za kulala wageni. Unatozwa juu ya malipo ya chumba. Sheria haiangalii kama una ghorofa au chumba kimoja cha uani, kama mgeni alipita kwa dalali au alikupata kupitia Airbnb kwenye simu. Umemlaza mtu, umepokea fedha: ushuru umezaliwa.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote katika mada hii. Anayelipa ushuru huu ni mgeni. Wewe ni mkusanyaji. Asilimia kumi ile haikuwa mali yako hata dakika moja. Ilipita mkononi mwako ikielekea Halmashauri, kama nauli inavyopita mkononi mwa kondakta. Mwenyeji anayesema "Jiji linanila asilimia kumi ya jasho langu" ameanza hesabu mahali pasipofaa. Tatizo lake ni kwamba hakumtoza mgeni, na siku ya kudaiwa analipa deni la watu waliokwisha kuondoka zamani.

Nayasema haya kwa sababu yalinipata. Nilitunza vitabu vya hesabu vya gesti za watu kwa miaka, nikajua kila safu ya ushuru. Nilipogeuza vyumba vyangu viwili kuwa vya siku, nikajiambia kwamba vyangu ni vya nyumbani, havihesabiki. Nikakaa hivyo mwaka mzima. Mkusanya mapato alipokuja aliomba kitabu cha wageni tu. Nilikuwa nacho, kimeandikwa vizuri, usiku kwa usiku. Akajumlisha pale pale sebuleni, na kila shilingi aliyoitaja ilikuwa halali. Nililipa kwa kuuza friji.

Hesabu ya chumba kimoja

Chukua chumba cha shilingi 40,000 kwa usiku. Ushuru wake ni 4,000. Bei ya kumtajia mgeni ni 44,000, na unamweleza wazi kwamba 4,000 ni za Halmashauri. Chumba kikilala watu siku 18 kwa mwezi, umeingiza 720,000 zako, na umeshika 72,000 za Jiji. Kwa mwaka ni 864,000. Hiyo ndiyo friji niliyoitaja.

Kuna anayeogopa kwamba mgeni atakimbilia kwa jirani asiyetoza. Atakimbia, ndiyo, kama jirani hatozi. Kwa hiyo jambo hili haliwezi kuwa la mtu mmoja mmoja. Mama mwenye gesti yenye bango na leseni amekuwa akilipa miaka yote huku sisi tukimshinda bei kwa fedha ambazo hazikuwa zetu kupunguza. Nimewahi kukaa upande wake wa meza, na naona amekuwa na haki ya kulalamika.

Wanaotumia programu za simu wazingatie jambo moja zaidi. Programu inakata kamisheni yake kabla fedha haijakufikia. Usikokotoe ushuru kwenye kilichobaki. Kokotoa kwenye bei ya chumba aliyolipa mgeni. Na usidhani kwamba programu imekulipia. Kule San Francisco, ilikozaliwa Airbnb mwaka 2008, kampuni yenyewe ilianza kukusanya ushuru wa malazi kwa niaba ya jiji mwaka 2014. Hapa Mirongo kazi hiyo ni yako.

Mambo yanayochanganywa

Wapo wanaoniambia: "Mimi nakatwa kwenye LUKU kila mwezi." Ile ni kodi ya jengo. Ilianza kukatwa kwenye umeme Agosti 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, ikapanda hadi 1,500 Julai 2023. Unailipa kwa sababu nyumba imesimama, hata kama hajalala mtu.

Wengine wanatishwa na VAT. Kizingiti cha kusajiliwa tangu Julai 2023 ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Kwa bei ya 40,000 hizo ni siku 5,000 za chumba, yaani vyumba 14 vilivyojaa karibu kila usiku wa mwaka. Sidhani kama aliyemo humu amefika huko. Akifika, tutampongeza na kumpeleka TRA.

Ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 uliondolewa kwa nyumba za kulala wageni katika bajeti ya 2017/18, kwa hoja kwamba tayari zinalipa ushuru wake. Ukidaiwa vyote viwili, uliza kwa adabu, na uliza kwa maandishi.

Kodi ya mapato iko TRA, si Halmashauri, na inataka TIN. Sitaingia ndani sana, ila nitataja jambo moja kwa sababu linagusa daftari nitakalolizungumzia. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2019 kwa wafanyabiashara wadogo, mwenye mauzo kati ya milioni 7 na milioni 11 asiye na kumbukumbu hulipa 250,000 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Kile chumba chetu cha 8,640,000 kwa mwaka, chenye kumbukumbu, kinalipa 139,200. Kitabu cha shilingi elfu chache kimeokoa zaidi ya laki moja.

Jambo la mwisho ni mpaka. Tangu 2012 Ilemela ina halmashauri yake. Mirongo iko Nyamagana, chini ya Jiji. Mwenye chumba Mirongo na kingine Kirumba au Pasiansi ana wakubwa wawili wa ushuru, na risiti ya mmoja haimfuti deni kwa mwingine. Nimeona watu wakilipa ofisi iliyo karibu na kwao wakadhani wamemaliza.

Kitabu cha wageni

Kwenye gesti kitabu cha wageni ni jambo la kwanza: jina, atokako, aendako, namba ya kitambulisho, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Kwenye nyumba zetu mgeni anapokewa kwa simu, anaonyeshwa ufunguo ulipofichwa, na anaondoka alfajiri bila kuonana na mtu. Hili linanitia hofu kuliko deni lolote.

Kenya walipata funzo hili kwa uchungu. Mwanzoni mwa 2024, baada ya wanawake kuuawa katika nyumba za kupangisha za muda mfupi Nairobi, mamlaka ya utalii ya huko iliagiza wenye nyumba hizo wasajiliwe. Naomba sisi tusisubiri msiba. Mgeni akiugua usiku, utampigia nani simu kama hukuandika jina lake? Mwenyekiti wa mtaa akikuuliza yule kijana aliyelala kwako juzi ni nani, utamjibu nini?

Ninavyokiandika changu ni hivi. Ukurasa mmoja, mwezi mmoja. Baada ya safu za mgeni naongeza safu tatu: bei ya chumba, asilimia kumi, jumla aliyolipa. Mwisho wa mwezi najumlisha safu ya katikati peke yake; hiyo ndiyo ya Jiji. Fedha yenyewe naiweka kwenye laini ya simu ambayo siitumii kwa jambo lingine. Mwezi ukiisha napewa namba ya kumbukumbu ya malipo, nalipa kwa simu au benki, na risiti naibandika nyuma ya ukurasa ule ule. Simpi mtu fedha mkononi. Anayekuja mlangoni akitaka taslimu bila namba ya malipo, mkaribishe maji ya kunywa, kisha mwombe namba.

Leseni ya biashara pia inahitajika, na siku hizi inaombwa kwenye mfumo wa TAUSI. Asiyeweza peke yake amwombe kijana wake wa sekondari amsaidie. Ni kazi ya mchana mmoja.

Ombi langu kwa Jiji

Tukilipa, nasi tuna haki ya kusema. Sehemu ya kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri inatakiwa kisheria kwenda kwenye mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Wengi wa wanaopangisha kwa siku katika kata hii ni wanawake. Maafisa wanapokuja kutuhesabu waje na fomu ya mkopo pamoja na fomu ya ushuru, tuone njia zote mbili za fedha, ya kwenda na ya kurudi.

Pili, mwenye chumba kimoja asipitishwe kwenye milango ile ile ya hoteli ya vyumba hamsini. Fomu ya ukurasa mmoja inatosha: jina, mtaa, idadi ya vyumba, bei. Anayejitokeza mwenyewe apewe muda wa kuanza mwezi huu bila kufukuliwa miaka ya nyuma. Siombi msamaha wa kodi ya kesho. Naomba mlango wa kuingilia leo. Bila mlango huo watu watazidi kujificha, na Jiji litabaki likiwakimbiza kwa mgambo.

Tatu, ombi hili ni kwetu wenyewe. Tuanze wote mwezi mmoja, tuitaje asilimia kumi kwa sauti moja mgeni anapouliza bei, ili asiwepo wa kumkimbilia.

Kitabu changu cha wageni nimekileta. Majina nimeyafunika kwa karatasi, safu za fedha ziko wazi. Kipo mezani karibu na mlango. Anayetaka kunakili mistari yake aje na kalamu kabla hatujaondoka.