MCHAGUA MOTO NDIYE FUNDI

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Wengi wetu tuliambiwa hivyo na wazazi pale tulipolikataa jembe lenye mpini uliochakaa, tukanyamaza, tukaenda kulima. Leo nawaomba radhi wahenga niseme kwamba iko kazi ambayo asiyechagua zana ndiye asiye fundi. Nayo ni kazi ya kuunganisha mabomba kwa moto.

Juma lililopita nilikuwa Kidahwe, pale barabara inapogawanyika, moja ikielekea Kasulu na nyingine Uvinza. Nikiwa nasubiri gari la kurudi Kigoma mjini, alinijia kijana mmoja, mwanagenzi wa ufundi bomba.

"Shikamoo mzee. Wewe si ndiye unayezungumza redioni?"

"Marahaba mwanangu, ni mimi."

"Basi naomba unisaidie. Nimeweka akiba miezi minne ninunue kichomeo cha gesi cha kulehemu mabomba. Dukani vipo vya kila namna. Fundi anayenifundisha anasema chochote kinachotoa moto kinafaa. Je, ni kweli?"

Ndugu wasikilizaji, mimi si fundi bomba. Lakini swali lile lilinikumbusha mkasa. Miaka kadhaa iliyopita nilimwita fundi nyumbani aunganishe bomba la maji ya moto chini ya paa. Kichomeo chake kilikuwa cha kuazima, mwali wake mrefu, wa njano, unaoyumba kama kibatari mbele ya dirisha. Alimaliza, akalipwa, akaenda zake. Jioni mke wangu akanusa moshi. Ubao wa paa ulikuwa unaungua polepole kwa ndani. Tuliuzima kwa ndoo tatu za maji. Laiti tungekuwa tumelala, pengine leo sauti hii msingeisikia.

Kwa hiyo swali la kijana nililibeba hadi kwa mafundi wazee wa Mwanga na Ujiji. Haya ndiyo niliyorudi nayo.

Kwanza, walisema, kabla ya kuuliza kichomeo gani, uliza bomba gani. Mabomba mengi ya mitaani kwetu hayahitaji mwali kabisa. Bomba la chuma hukatwa nyuzi, likafungwa kwa katani au tepu. Bomba la plastiki la PVC huunganishwa kwa gundi. Yale ya PPR huyeyushwa kwa pasi yake ya umeme, kwenye joto la nyuzi 260 hivi. Na hapa wazee walitikisa vichwa kwa masikitiko, maana wapo vijana wanaochoma ncha ya PVC motoni ili ipanuke na kuokoa bei ya kiungo. Ukuta wa bomba huwa mwembamba na baadaye hupasuka, na PVC ikiungua hutoa moshi wenye tindikali unaoumiza mapafu. Huo si ubunifu, ni kujitafutia maradhi.

Kichomeo kina kazi yake kwenye mabomba ya kopa, yaani shaba nyekundu. Haya utayakuta kwenye mitambo ya kuchemsha maji kwa jua juu ya mapaa ya nyumba za wageni, na kwenye baadhi ya mabomba ya maji ya moto. Utayakuta pia kwenye majokofu, lakini huko kazi ni nyingine. Jokofu huunganishwa kwa lehemu ngumu inayotaka joto linalopita nyuzi 600, na ndani yake kuna gesi ambayo nyingine hulipuka na nyingine hugeuka sumu ikiguswa na mwali. Mwanagenzi wa bomba amwachie kazi hiyo fundi wa majokofu.

Sasa vichomeo vyenyewe. Wazee walinitajia namna tatu.

Ya kwanza ni kile cha mafuta ya taa, cha kupiga pampu, kilichobuniwa huko Uswidi katika miaka ya 1880. Mtu wa Kigoma hahitaji kuelezwa sana, maana ni ndugu wa karabai, taa iliyowaongoza wavuvi wetu wa dagaa usiku kwa miaka mingi kabla ya taa za betri kushika nafasi. Unapasha kichwa chake kwa spiriti, unapiga pampu, mafuta yanageuka mvuke, mwali unatoka kwa nguvu. Ni kigumu na mafuta yake yanapatikana hata kijijini. Lakini kikiwashwa kabla hakijapata moto hutema mafuta yanayowaka. Ukirithi kizima, kitunze. Kununua kipya kwa ajili ya kujifunzia, wazee hawakushauri.

Namna ya pili ni kile kinachofungwa juu ya kopo dogo la gesi. Ni chepesi, kinaingia kwenye kona finyu, na kwa bomba la milimita 15 kinatosha. Tatizo ni kopo. Likiisha utapata wapi jingine? Kama duka lililo karibu nawe halina, umenunua pambo. Na wale wanaojaza upya makopo ya kutumika mara moja wanacheza na bomu.

Namna ya tatu ni kichomeo chenye mpira mrefu unaounganishwa na mtungi wa gesi. Mtungi wa kilo 6 wa kupikia unapatikana hata Kidahwe, kwa hiyo fundi hatakwama. Wazee wote walikubaliana kwamba hiki ndicho kinachomfaa kijana wetu. Lakini lipo sharti: regulata ya jikoni haifai, kwa kuwa hushusha presha mno na mwali huwa dhaifu. Inatakiwa regulata ya presha kubwa, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na mpira wa gesi halisi, siyo mpira wa kumwagilia bustani. Mtungi usimame wima wakati wote. Ukilazwa, gesi hutoka ikiwa majimaji na mwali hulipuka ghafla.

Dukani mwombe muuzaji akiwashe mbele yako. Mwali mzuri ni wa buluu, wenye koni kali katikati. Wa njano una upungufu wa hewa, utapaka masizi na kuchelewesha kazi. Kigeuze juu chini uone kama kinazimika, maana bomba la ukutani halitakungoja usimame vizuri. Fungua na kufunga koki polepole, ione kama inatii. Paka povu la sabuni kwenye maungio yote. Likitoa mapovu, gesi inavuja. Usijaribu kwa kiberiti! Kile kitufe cha kuwashia ni raha tu, kikifa utatumia kibiriti cha jiwe. Lakini koki ikifa, umekwisha.

Ndugu wasikilizaji, kuna jambo moja zaidi ambalo mnunuzi wa kichomeo husahau, nalo ni lehemu yenyewe. Mafundi bati wanaotengeneza vibatari na ndoo hutumia aghalabu lehemu yenye risasi, kwa sababu inayeyuka upesi, kuanzia nyuzi 183. Kwa kibatari haina neno. Kwa maji ya kunywa ni sumu. Risasi huingia majini kidogo kidogo, na huharibu ubongo wa mtoto bila kelele wala dalili ya haraka. Marekani ilipiga marufuku lehemu hiyo kwenye mabomba ya maji ya kunywa mwaka 1986. Lehemu isiyo na risasi, ya bati na shaba kidogo, huyeyuka kwenye nyuzi 227 hivi. Kwa maneno mengine, kichomeo dhaifu humsukuma fundi kwenye lehemu ya sumu. Mnaona sasa kwa nini si kweli kwamba chochote kinachotoa moto kinafaa?

Na hata kichomeo bora hakimwokoi mzembe. Toa maji yote bombani, maana bomba lenye maji halipati moto. Sugua shaba ing'ae, paka dawa yake, pasha kiungo na siyo lehemu. Weka kizuizi kisichoungua kati ya mwali na ubao, ndoo ya maji iwe karibu. Ukimaliza, usiondoke. Kaa, kunywa chai ya mwenye nyumba, rudi ukaguse ubao kwa mkono baada ya nusu saa. Laiti fundi wangu angekunywa chai ile!

Nanyi wenye nyumba mnaonisikiliza, msijitoe. Tunapombana fundi bei hadi anaazima zana, tunanunua moto kwa fedha zetu wenyewe. Rahisi huvunja upishi.

Kijana wa Kidahwe, kama unasikiliza, jibu langu ndilo hilo. Kama akiba haijatosha regulata nzuri na mpira mzuri, ongeza mwezi wa tano. Mwambie fundi wako, kwa heshima, kwamba jembe bovu huchosha mkulima peke yake, bali moto mbaya huunguza nyumba ya mtu mwingine.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaaliwa, tuonane juma lijalo.