Ankara Iliyolala Mezani

Wazazi mliouza hata mashamba ili leo mpige vigelegele, hongereni. Wahitimu, najua joho lina joto.

Kwenye mashindano ya ubunifu kila mwaka kuna kijana anakabidhiwa hundi ya kadibodi kubwa kuliko mlango. Anapigwa picha. Baadaye ukimuuliza habari za kampuni, anakwambia ameajiriwa benki. Kuanzisha tunasaidiwa: halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kukopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na asilimia 30 ya manunuzi ya umma imetengwa kwa makundi maalumu. Sawa. Lakini kupata zabuni si kulipwa.

Mkataba mkubwa wa kwanza wa kampuni yetu ulikuwa na taasisi moja ya umma: mfumo wa kusimamia stoo za dawa. Tukala nyama choma, tukaajiri vijana, tukafunga mfumo, tukapeleka ankara. Ankara ikalala. Mara anayesaini yuko safarini, mara mwaka wa fedha umeisha. Huku VAT ya ankara ileile haisubiri: tarehe 20 ya mwezi unaofuata inadaiwa, hela uwe umepata au hujapata. Tukakopa benki ili tuilipe Serikali kodi ya fedha ambazo taasisi yake haijatulipa! Mhasibu wetu alicheka mpaka machozi. Vijana wale tukawapunguza, na hawakuwa na kosa lolote.

Ndiyo maana wengi wanaogopa kukua. Mwaka 2023 kizingiti cha kusajiliwa VAT kilipanda kutoka mauzo ya shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka. Mtu akikikaribia, anafungua duka la pili kwa jina la mke, la tatu la shemeji. Mtaani ni tajiri, kwenye makaratasi ni ukoo wa wamachinga.

Sera ninayoililia haina picha ya kupiga. Taasisi ya umma ilipe ndani ya siku 30, ikichelewa ilipe na riba, na VAT ya ankara hiyo idaiwe siku fedha zinapoingia. Nimeshaisema kwenye vikao mpaka wananikwepa.

Wahitimu wa uhasibu na ugavi, ninyi ndio ninaowaogopa. Wengi mtaingia serikalini, na ankara za hawa wenzenu wa kompyuta mliolala nao bweni moja zitafika mezani kwenu. Zipitisheni siku hiyohiyo. Nasikia pilau iko tayari.