Moteri ya trakta yetu, na mikono iliyoifungua

(Maneno ya kamati kwenye mkutano wa wanachama, Kabambare)



Wengi wenu muliuliza: juu ya nini tulitoa franga za mfuko kwa kutengeneza trakta ya zamani, na mbegu pia zinahitajika? Swali ni la haki. Hili ndilo jibu.

Trakta yetu ni Massey Ferguson 135. Aina hiyo ilianza kutoka kiwandani mwaka 1964. Ya kwetu iko na moteri ya Perkins ya mazuti, silinda 3. Ilikuwa inatoa moshi wa bluu, inakunywa mafuta, na asubuhi inakataa kuwaka. Njia zilikuwa mbili: kuiuza kama chuma, ao kuifungua. Sisi tuliorudi tulikuta mashamba yamekuwa pori. Kwa jembe peke yake, mpunga wa familia nyingi usingepandwa kwa wakati.

Kati yetu hakukuwa mtu aliyewahi kufungua moteri ya trakta. Kulikuwa vijana waliozoea mashine za kukoboa mpunga na pompi za maji za machimbo. Tuliwapa wao kazi, na fundi mmoja mzee wa Kasongo alikaa pembeni kuwaongoza.

Aliwaanzisha na maana. Moteri ya mazuti haina bujia. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa moto sana, mazuti inapulizwa, inawaka yenyewe. Kama segma, zile pete za pistoni, zimelika, hewa inavuja na mafuta yanapanda kuungua. Ndiyo ule moshi wa bluu. Na adui mkubwa wa segma ni vumbi.

Kisha wakafungua, pole pole. Kila piesi ilisafishwa na mazuti, ikapangwa juu ya turubai kwa namba ya silinda yake. Kifuniko cha bieli ya kwanza hakiendi kwa bieli ya pili, hata kama kwa macho vinafanana. Segma mpya ziliingia, na nafasi zao za wazi hazikuwekwa mstari mmoja. Kulasi ilikazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, na ufunguo unaopima nguvu, ambao tuliazima. Mbele ya kuwasha, walifunga mazuti na kuzungusha moteri mpaka mafuta yakafika kila mahali.

Iliwaka. Moshi wa bluu umeisha, na mashamba ya kwanza yamekwisha kulimwa mbele ya mvua kubwa. Lakini faida tunayoihesabu zaidi ni hii: leo vijana wanne wa hapa wanajua ndani ya moteri kuko nini. Segma zitalika tena siku moja. Ujuzi huo hauliki.

Sasa tunaomba mambo mawili.

Kwenu wanachama: filta ya hewa ya trakta hii iko na bakuli ya mafuta inayoshika vumbi. Siku za kulima, dereva aifungue kila jioni. Akikuta matope, asafishe na kuweka mafuta mapya. Anayelimiwa shamba atoe pia mchango wa mafuta ya moteri, si wa mazuti tu. Bila hiyo, kazi yote hii ni bure.

Kwenu wafadhili: hatuombi trakta ya pili. Tunaomba ufunguo ule wa kupima nguvu uwe wetu, vipimo vya nafasi za supapu, na kitabu cha moteri hii kwa Kifaransa. Vitu hivyo vinaenea ndani ya sanduku moja, na vitatumika pia kwa mashine za mpunga za jirani zetu, waliorudi na wale ambao hawakuhama.